Vizibo Viwili kwa Kimoja

Kibirizi, saa mbili, kabla jua halijachemsha kopo.
Baba nusu yake iko chini ya boti, nusu iko nje.
Anayemsalimu anaisalimu miguu,
na miguu inaitikia.

Mimi ndiye mshika vizibo:
viwili vya gundi, kimoja cha hadina.
Vizibo vya chupa ya maji, si vya soda,
maana cha soda kina meno, na meno yanadanganya.
Hadina ikizidi, kopo linafuka moshi mkononi
na gundi inaganda hujamaliza sentensi.
Ikipungua, haikauki katu.
Mwaka jana nilikosea hesabu,
na ubavu wa boti ya Asende
unanata mpaka leo. Inzi wanaujua.

Hii ya leo ni boti ya babu. Mbao za mninga,
aliziziba mwenyewe kwa pamba na mawese,
kila kiangazi pamba na mawese,
miaka thelathini.
Sasa gundi ikigusa ubao inajikunja, inarudi nyuma
kama mgeni aliyeona unywele kwenye ugali.
"Hii haipatani na mafuta," Baba anasema.
Basi tunasugua. Majivu, sabuni ya mche,
spiriti, msasa namba arobaini.
Maji yanatoka mekundu, kisha ya chungwa,
kisha ya rangi ambayo sina jina lake.
Baba ananusa kitambaa.
Ananyamaza. Ananusa tena.
"Huyu mzee," anasema, "alikuwa hapimi."

Kinachobaki kwenye kopo hakina subira:
dakika ishirini, jua likiwa kali kumi na tano.
Nikigonga kopo kwa kijiko
Kibirizi inatoka milangoni.
Buli lisilo na mkono. Beseni la kuoshea dagaa.
Kagoma na redio yake, ileile, ufa uleule,
anadondosha makusudi nadhani, ili apate kusimama hapa.
Mtoto mmoja alileta meno ya bandia ya bibi yake
yamekatika katikati;
hayo Baba aliyarudisha kutoka chini ya boti
bila kuyaona:
"Mdomoni mwa mtu siweki sumu!"

Mwavita alikuja wa mwisho.
Kwenye kona ya kanga, kikombe:
vipande saba, na pengo moja lisilo na kipande.

Nikamwambia, mama, hiki hakitanyweka.
Chai ya moto itailegeza gundi.

"Sitakinywea.
Dada yangu alivivusha kutoka Uvira, usiku,
kavifukia ndani ya unga wa muhogo.
Vilikuwa sita, vikafika sita.
Vingine vyote nimekubali kuhesabu pungufu.
Hivi, mwanangu, nikihesabu
nataka kufika."

Kopo lilikuwa limeanza kupata joto kiganjani.
Sikumuuliza dada yuko wapi.
Nikapaka kingo, nikabana kwa mpira wa baiskeli,
na kwenye pengo nikajaza unga wa msasa,
ule wa mwisho, mkavu,
uliotoka mafuta yalipokwisha.
Kikawa na kovu jekundu pembeni.
Akakizungusha. Akasema, "Sita,"
kama anayejaribu kiatu.

Siku ya tatu tukagonga kwa ukucha, ko, ko,
tukaisukuma boti majini watu kumi na moja,
Kagoma akisukuma kwa maneno.
Baba akapiga magoti ndani, akatambaza kiganja
ubao kwa ubao, kutoka omo mpaka tezi.
Pakavu. Pakavu. Pakavu.
Karibu na tezi kiganja kikasimama.
Jasho jembamba kwenye kiungo, jekundu kidogo.

Nikainua msasa. Nikauliza, tuvute tena juu?

Akaonja kwa ncha ya ulimi.
"Acha," akasema. "Hayo si maji."